Joka Lililouawa Mara Mia Mbili na Kumi na Nne

Mzee Joka anastaafu tarehe 30 ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya vifaa ya studio yetu. Katika kipindi hicho ameuawa mara mia mbili na kumi na nne: kwa upanga, kwa mkuki, kwa maji ya moto, na mara moja kwa kuangukiwa na pazia, jambo ambalo halikuwemo kwenye hati ya filamu. Kesho yake alifika kazini saa mbili kamili.

Kwa wageni wetu: tunatengeneza filamu za kuchekesha za majoka na mashujaa wa deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani. Joka letu ni la sponji na turubai, na ndani yake huingia watu watatu. Mzee Joka alianzia mkiani, miaka tisa. Akapandishwa tumboni, miaka minne ambayo hapendi kuizungumzia. Hatimaye akakabidhiwa kichwa, na huko amekaa miaka kumi na minane, mkono mmoja ukichezesha taya na mwingine kope, mashine ya moshi ikiwa imefungwa pajani.

Ni yeye aliyegundua kwamba magamba yaliyokatwa kwenye ndoo kuukuu za plastiki hung'aa kuliko ya dukani. Tangu hapo wafanya usafi wetu hawajawahi kukaa na ndoo zaidi ya wiki mbili. Kuhusu kifo chake kinachosifiwa zaidi, kile ambacho joka linakata roho taratibu kwa dakika nne, sasa tunaweza kusema ukweli: alikuwa amesinzia. Mwongozaji alilia machozi. Aliyekuwa mkiani alisikia mkoromo akanyamaza, na ndiye anayeandika haya.

Mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na minne, hualikwa kila filamu mpya inapoonyeshwa. Huvaa akapendeza, hukaa mstari wa mbele, hucheka panapochekesha. Lakini shujaa akiinua tu upanga, mama huchukua mkoba wake na kutoka. Anajua aliyemo mle ndani ni mwanawe. Tulimleta karakana, tukamshikisha upanga wa mbao auone. Alitujibu kwamba hakuzaa mtoto ili akae kwenye kiti amtazame akichomwa, hata kwa mbao. Kwa hiyo hakuwahi kuona mwisho wa kazi ya mwanawe hata mara moja, na Mzee Joka, ambaye hutania kila kitu, hili hakulitania. Lilimuuma.

Hapa kwetu anayestaafu huchagua jambo moja katika filamu yake ya mwisho. Seremala aliomba mlango mmoja wa ngome ufunguke bila kugoma. Mzee Joka aliomba joka lisife.

Filamu ilihusu kuuawa kwa joka. Waandishi walijifungia wiki mbili. Mwigizaji wa shujaa, aliyejifunza upanga kwa miezi mitatu, alinuna siku tano. Mwishowe ikakubaliwa kwamba shujaa ainue upanga, joka lipige chafya, ndevu za shujaa ziungue, na wote wawili washikwe na kicheko.

Jumamosi iliyopita tuliionyesha ukumbini hapa. Upanga ulipoinuliwa, mama alikwishashika mkoba. Mwanawe, aliyekaa kando yake, akashika mkanda wa mkoba huo na hakuuachia. Sisi wengine tuliacha kutazama filamu tukamtazama mama. Joka likapiga chafya. Mama akakaa, akacheka hadi akafuta macho, akabaki kwenye kiti hadi majina ya wafanyakazi yakaanza kupita. Jina la mwanawe likatokea, la tatu kutoka mwisho, mahali lilipokuwa miaka yote. Aliomba lirudishwe. Tulilirudisha mara nne.

Mzee wetu, tumekushukuru mara nyingi ukiwa ndani ya sponji na hukutusikia vizuri, basi tunarudia: ahsante sana. Nenda ukapumzike, uishi miaka mingi bila kuuawa na mtu, na mama asishike tena mkoba kabla ya mwisho.