Kidonge cha Kutuliza Mikono

KAKA: Haloo? Nani mwenzangu?

DOKTA: Ni mimi.

KAKA: Mimi wako wengi. Mimi yupi?

DOKTA: Mdogo wako, Kaka. Hii laini yangu ya pili, ile nyingine haishiki huku barabarani. Shikamoo.

KAKA: Marahaba, Dokta. Mbona sauti kama uko ndani ya pipa? Basi limeshatoka?

DOKTA: Limetoka kitambo. Kiwanda cha saruji tumeshakipita.

KAKA: Leo ndiyo leo. Kesho tunakuita Dokta Bingwa, ukija nyumbani tunatandika zulia. Umepata dirisha?

DOKTA: Nimepata. Halifunguki. Mama yuko hapo?

KAKA: Yuko hapa anakunja nguo ulizozitupa kitandani kama nyumba inaungua. Nimpe simu?

DOKTA: Usimpe.

KAKA: Kwa nini usi—

DOKTA: Toka nje. Taratibu. Usiseme ni mimi.

KAKA: [kwa sauti kubwa] Ndiyo, mzee wangu, friji yako nimeiona, gesi imevuja. Ngoja nisogee nikusikie vizuri. [mlango unafungwa] Haya, niko uani. Umesahau vyeti?

DOKTA: Vyeti ninavyo.

KAKA: Viatu? Maana jana ulikuwa unakagua viatu kama—

DOKTA: Kaka. Mama aliiweka wapi inhela yangu?

KAKA: Ya nini?

DOKTA: Nauliza tu.

KAKA: Mwaka mzima hujaivuta. Nami nauliza ya nini.

DOKTA: Iko wapi?

KAKA: Begi kubwa, mfuko wa pembeni. Si ulikataa kuitia kwenye mkoba? Ukasema ukifungua mkoba mbele ya wasaili wataiona, wataanza kukuhesabia magonjwa. Begi liko wapi?

DOKTA: Kwenye buti.

KAKA: Buti la basi.

DOKTA: Chini yangu hapa. Nadhani naikanyaga.

KAKA: Kifua kimebana?

DOKTA: Kidogo.

KAKA: Kidogo yako naijua. Kidogo yako ndiyo ile ya siku tuliyokubeba mgongoni mpaka zahanati, unasema kidogo njia nzima. Kuna vumbi humo? Mtu kajipulizia manukato?

DOKTA: Hakuna. Ni ki— [mtandao unakwaruza] —stendi, kabla sija—

KAKA: Unakatika. Ni nini?

DOKTA: Kidonge. Nilikunywa kidonge pale stendi. Cha kutuliza mikono.

KAKA: Mikono imefanya nini?

DOKTA: Unakumbuka usaili uliopita? Nilikwambia wamenikataa kwa ajili ya alama.

KAKA: Ukasema alama.

DOKTA: Hazikuwa alama. Walinipa uzi, wakaniambia nifunge fundo la upasuaji wakinitazama. Wazee watano, meza nzima miwani. Vidole vikaanza kucheza peke yao. Uzi ukaanguka. Mmoja akaniuliza kama nimepata kifungua kinywa, wenzake wakacheka.

KAKA: Hukuniambia.

DOKTA: Ningekwambia nini? Umehangaika na mafriji ya watu miaka yote hii nisome, nije nikwambie nimeshindwa na uzi? Hospitali zote nilizoomba zimenikataa. Iliyobaki kuniita ni hii ya leo. Nisipopata nafasi ya ubingwa hapa— [anakohoa]

KAKA: Pumua kwanza.

DOKTA: Napumua. Sasa yule mwenzangu wa darasani, tunayemwita Profesa, naye kaitwa usaili huu huu, katangulia jana. Ndiye aliyenipa. Wengi wanavinywa, Kaka, hata wakubwa. Ni dawa ya moyo. Inashusha mapigo, mikono inatulia. Naijua dawa yote. Nimeifanyia mtihani, nimewaandikia wagonjwa. Kabla hujampa mtu kuna swali moja lazima umuulize.

KAKA: Swali gani?

DOKTA: Una pumu?

[Honi inalia kwa mbali.]

KAKA: Na wewe hukujiuliza.

DOKTA: Nani anajiuliza mwenyewe? Mimi nilikuwa natazama mikono.

KAKA: Ikoje sasa hiyo mikono?

DOKTA: Imetulia. Ungeiona. Imetulia kabisa.

KAKA: Mwite konda.

DOKTA: Ngoja kwanza.

KAKA: Nini ngoja? Mwite asimamishe gari, afungue buti—

DOKTA: Begi langu liliingia la kwanza, Kaka. Juu yake kuna magunia, kuna kitanda cha mtu, kuna sijui nini. Watashusha vyote. Usaili saa nane na tumeshachelewa kutoka. Labda kitapita. Nikikaa wima— nikapumua polepole—

KAKA: Unapumua katikati ya maneno.

DOKTA: Sipumui katikati.

KAKA: Haya, niambie jina la kitengo unachokwenda, lote, bila kukata.

DOKTA: Kitengo cha Upasuaji na— [pumzi] —Huduma za— [pumzi] Usinichezee, Kaka. Hicho kipimo ni chetu sisi madaktari.

KAKA: Sijui ni cha nani. Ninachojua ni kwamba nausikia huo mluzi. Ni ule ule.

DOKTA: Wa nani?

KAKA: Wako, wa siku ile ya zahanati.

MAMA: [kwa mbali] Friji gani hiyo inakutoa jasho hivyo?

KAKA: Ya mteja, mama. Msumbufu tu.

MAMA: [kwa mbali] Mteja gani unamwambia avute pumzi?

KAKA: Nakuja, mama. [kwa sauti ya chini] Dokta. Dokta, bado upo?

DOKTA: Mgonjwa ni mwanamke. Miaka ishirini na saba. Ana historia ya pumu tangu utotoni.

KAKA: Unamsimulia nani?

DOKTA: Niache. Akiwa mtu mwingine namwona vizuri. Amekunywa propranololi, kidonge kimoja, saa moja na nusu iliyopita. Ameanza kubanwa. Hamalizi— sentensi. Midomo sijui, sina kioo. Kucha— [pumzi] —kucha si mbaya. Bado si mbaya.

KAKA: Huyo mgonjwa anahitaji nini?

DOKTA: Oksijeni. Mashine ya mvuke.

KAKA: Na inhela?

DOKTA: Inhela inafungua mlango. Kidonge kimeufunga kwa ndani. Inaweza kusaidia kidogo. Inaweza isisaidie kitu.

KAKA: Kwa hiyo wewe, kama daktari wake, ungemfanya nini?

DOKTA: Ningemshusha.

KAKA: Mshushe basi.

DOKTA: Siwezi, Kaka.

KAKA: Kwa nini huwezi?

DOKTA: Kwa sababu ni mimi.

KAKA: Mpe simu aliye karibu nawe. Yeyote.

DOKTA: Jirani yangu amelala.

KAKA: Mwamshe. Au napiga kelele hapa, mama asikie, na ukishamsikia mama—

DOKTA: Usimwambie mama.

KAKA: Basi mwite konda, mdogo wangu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

[Sauti za abiria, mtoto analia, mtu anapiga dirisha kwa sarafu.]

KONDA: Haloo, nani mwenzangu?

KAKA: Konda, mimi ni kaka wa huyo dada. Ana pumu, imempanda. Dawa yake iko kwenye buti. Simamisha gari.

KONDA: Bosi, buti tunafungua kituoni tu. Hapa ni mteremko, dereva hawezi—

KAKA: Mtazame.

KONDA: Na kampuni ikituona tumesimama njiani wanatukata. Kuna kifaa kinawaonyesha kila—

KAKA: Sijakuuliza kampuni. Nimesema mtazame usoni.

KONDA: Duh.

KAKA: Umemwona?

KONDA: Anavuta kwa mabega. Dada, vipi? Dada, unanisikia? — Dereva, simama. Simama, wewe, weka pembeni, kuna mtu hapa. — Bosi, anasimama. Begi rangi gani?

KAKA: Kijani, lina utepe mwekundu kwenye mkono. Dawa iko mfuko wa pembeni. Mbele kuna hospitali?

KONDA: Ipo, mji unaofuata, barabarani kabisa. Tukikaza mwendo dakika chache. Tutamfikisha. Sasa tukifika nawaambia nini pale, pumu?

KAKA: Waambie pumu, na kwamba alikunywa—

DOKTA: [kwa mbali] Nipe. Nipe simu.

KONDA: Anaitaka simu, bosi.

DOKTA: Kaka. Aseme pumu tu.

KAKA: Na kidonge?

DOKTA: Pumu tu.

KAKA: Wakitumia dawa za kawaida zitafanya kazi?

[mluzi wa pumzi]

KAKA: Nakuuliza wewe uliyesoma.

DOKTA: Madaktari wote wanajuana. Wakijua nilikunywa— dawa ya kutuliza mikono, ili nikafanye usaili wa upasuaji— daktari mwenye pumu, anajipa dawa ile ambayo— itafika mezani kwao kabla ya mimi. Nimekwisha, Kaka. Hapo hakuna tena— kuomba popote.

KAKA: Wasipojua?

DOKTA: Watanipa mvuke. Watasubiri. Watashangaa kwa nini— sifunguki.

KAKA: Watashangaa kwa muda gani?

[Mlango wa buti unagongwa chini, mabegi yanaburutwa.]

KAKA: Dokta. Watashangaa kwa muda gani?

DOKTA: Muda mrefu— kuliko nilionao.

MAMA: [karibu] Unaongea na nani?

KAKA: Mama, subiri kido—

MAMA: Huyo si mteja.

KAKA: Dokta, amua wewe. Mimi sitamwambia konda. Ukisema pumu tu, nitanyamaza. Lakini sema sasa.

[mtandao unakwaruza kwa kirefu]

DOKTA: —ite.

KAKA: Sijakusikia.

DOKTA: Namwambia jirani, amwite konda. — Konda, Uko na kalamu? — Andika. Kwenye kiganja, popote. Pro— pra— no— lo— li.

KONDA: [kwa mbali] Propa—

DOKTA: Rudia. Pro. Pra.

KONDA: [kwa mbali] Pro, pra, no, lo, li. Nimeandika, dada. Vuta hii kwanza, ndiyo hii? Vuta.

DOKTA: [inhela inapulizwa, kikohozi] Waambie— amekunywa mwenyewe. Usiseme— amepewa. Mwenyewe. Saa kumi na mbili. Waambie ana pumu, na amekunywa hiyo.

KONDA: [kwa mbali] Dereva, twende. Usingoje mabegi yapangwe, acha vitu vya watu vikae popote, twende.

KAKA: Dokta, nisikilize. Usiongee. Gonga simu nikuulizapo. Inhela imesaidia?

[kimya]

KAKA: Imesaidia? Gonga.

[kimya. Injini.]

KAKA: Dokta?

[mlio wa simu kukatika]

KAKA: Haloo? Haloo?

MAMA: Nipe hiyo simu.

KAKA: Imekatika, mama.

MAMA: Najua imekatika. Nipe.

[Miezi imepita. Simu inaita kwa namba ngeni, inakatika, inaita tena, inakatika, inaita.]

KAKA: Haloo.

KONDA: Haloo, hapo ni kwa fundi friji?

KAKA: Ndiye. Nani?

KONDA: Hutanijua kwa jina. Mimi ni yule konda. Wa lile basi. Namba yako niliinakili kwenye simu ya dada, ulipoandikwa kaka fundi friji, kabla sijampa nesi mlangoni.

KAKA: Mbona hukupiga?

KONDA: Niliogopa utakachonijibu. Kila nikitaka kupiga naona heri nibaki sijui. Leo nikasema potelea mbali. Salio lenyewe dogo, nipe habari haraka haraka. Dada?

KAKA: Yuko hai.

KONDA: [anashusha pumzi] Haya. Haya, sema.

KAKA: Walimtia kwenye mashine ya kupumulia, baadaye wakamtoa. Daktari wa zamu alisema kile ulichosoma kwenye kiganja ndicho kilichowaambia wampe nini. Usaili ulifanyika siku ile ile bila yeye.

KONDA: Na nafasi?

KAKA: Aliipata mwenzake, yule aliyempa kidonge. Naye alikunywa kimoja asubuhi ile. Yeye hana pumu. Sasa hivi anasomea upasuaji.

KONDA: Wale wakubwa wa usaili walijua habari ya kidonge?

KAKA: Walijua. Walimwandikia kwamba wamesikitika na kwamba asiwaombe tena. Ameomba kwingine, hospitali mbili zimemkataa, moja haijajibu. Wakati anangoja ameajiriwa hospitali ile mliyomshusha. Wodi ya watoto. Hawana bingwa hapo, wana yeye.

KONDA: Mama mzee?

KAKA: Amehamia kwake. Alisema ni wiki moja. Analala chumba cha pili, mlango wazi.

KONDA: Na mimi kwa taarifa yako walinitoa. Si kwa ajili ya kusimama. Abiria mmoja alisema godoro lake lilibaki njiani. Dereva bado yupo. Sasa nauza vipuri vya pikipiki, si vibaya.

KAKA: Pole. Godoro tungelilipa.

KONDA: Acha hizo. Na wewe bosi?

KAKA: Mimi nipo. Natengeneza mafriji. Namba ngeni huwa sipokei.

KONDA: Yangu umepokea.

KAKA: Ulikuwa huachi kupiga. Nikajua ni habari, nikaona bora niisikie nikiwa nimekaa.

KONDA: Basi msalimie, mwambie yule ko—

[mlio wa simu kukatika]