Mama Upepo Anakabidhi Feni Zake

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuhakikisha gari letu la mbio halichemki, fundi umeme wa timu yetu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kwenye kitambulisho ana jina lake la heshima. Hapa gereji anaitwa Mama Upepo, na ukimwita vinginevyo hageuki.

Mimi ni dereva wa timu, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu pamoja na faili lake nilipitie. Ni faili jembamba: vyeti, barua mbili za pongezi na barua moja ya onyo. Hiyo ya onyo ndiyo iliyomnyima cheo cha fundi mkuu, na isipofutwa kabla ya Ijumaa, neno "uzembe" litaandikwa kwenye cheti chake cha utumishi. Tutaifikia.

Kwa wageni wetu, kazi yake ni hii. Tunashindana magari mawili mawili, barabara iliyonyooka, mita mia nne, na mambo yanakwisha hujamaliza kupiga chafya. Ili gari liwe jepesi tuling'oa alternata, ile mashine ya kuchaji betri, kwa hiyo betri peke yake inalisha plagi, pampu ya maji na feni mbili za rediata. Feni hizo zinakula umeme kama zimetumwa. Ukiondoka zikiwa zinawaka, plagi hukosa nguvu na gari linakohoa. Ukizizima mapema mno ukiwa kwenye foleni, maji yanachemka. Mama Upepo ndiye aliyejua saa ya kuzima na saa ya kuwasha. Alitaka kila mbio ianze maji yakiwa nyuzi sabini, na ukimletea sabini na tano anakutazama kama umemkanyagia mkeka.

Kila asubuhi ya mashindano aliweka kipande cha gazeti mbele ya rediata. Kikiganda, feni zinavuta. Kikianguka, kuna mtu kageuza nyaya na atatafutwa mpaka apatikane. Siku ya kuzindua gari jipya, mkurugenzi wetu alisimama mbele ya boneti akihutubia wageni, hotuba ikamponyoka mkononi, kurasa zote mbili zikaenda kuganda kwenye rediata. Mama Upepo alimweleza kwa adabu kwamba jaribio limefaulu. Nani aliziwasha feni dakika ile, haijajulikana mpaka leo, ingawa swichi ya gereji ilikuwa nyuma ya mgongo wa Mama Upepo.

Sasa ile barua. Misimu tisa iliyopita tulifika fainali. Nikiwa kwenye foleni ya kuondoka, mtangazaji wa redio alinifuata dirishani kunihoji, na kelele za feni zikawa zinaninyima kusikia sifa zangu. Nikazizima. Nilijieleza kwa ufasaha dakika nne nzima, nikafunga dirisha, nikasahau. Mbele ya taa za kuanzia gari lilifuka mvuke kama sufuria ya mahindi, gasketi ikaungua, na mpinzani wetu akakimbia peke yake mpaka kwenye kombe.

Gari lilipovutwa hadi bandani, Mama Upepo alikuwa wa kwanza kufika. Aliinama dirishani, akaona swichi ya feni iko chini, imezimwa, akanitazama, akaipandisha. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye timu, na mke wangu alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo. Mama Upepo alininong'oneza: "Funga mdomo, baba mtoto. Kwa leo umeshaongea vya kutosha." Kisha akageuka, akamwambia mkurugenzi kwamba relei, kile kifaa kinachopitisha umeme wa feni, imekufa na kwamba yeye ndiye hakuikagua. Akapewa onyo. Cheo kikaenda kwa mwingine. Mimi nikafunga mdomo kama nilivyoagizwa, na nimeufunga misimu tisa. Naona aibu kubwa.

Msidhani aliniachia hivi hivi. Msimu uliofuata alinifungia swichi mpya, nyekundu, yenye taa yake, akatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia sasa feni ziko chini ya mamlaka yangu. Nimeibonyeza kwa madaha kila mbio. Nimewafundisha hata madereva wa timu nyingine namna ya kuutuliza mkono. Wiki iliyopita, alipokuwa akikabidhi kazi kwa fundi mpya, ilibainika kwamba waya wa swichi hiyo unaishia kwenye taa yake basi. Feni zinaendeshwa na kidude kilichofichwa chini ya pedali ya mafuta: nikikanyaga mpaka mwisho zinazima, nikiachia zinawaka. Gereji nzima ilikuwa inajua. Mke wangu alikuwa anajua. Mama Upepo alicheka mpaka akakalia tairi. Lakini tangu aniondolee mamlaka hayo, gari halijachemka hata mara moja, na makombe matatu yako kabatini.

Juzi nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Akamwita Mama Upepo athibitishe. Mama wa watu akakaza uso, akasema relei ilikufa, na kwamba dereva huyu huenda amepigwa na jua. Mkurugenzi akaniambia hawezi kufuta barua kwa maneno matupu. Anataka maandishi yenye sahihi.

Ndiyo haya, mkurugenzi, katika nakala mia mbili, na wageni wote wanayo mikononi. Feni zilikuwa nzima. Relei ilikuwa nzima. Niliyezizima ni mimi.

Mama Upepo, asante kwa gari, kwa kazi yangu, na kwa mwanangu ambaye sasa yuko darasa la tatu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na nyumba yenye upepo wa bure. Na ukiulizwa tena Ijumaa, nakusihi, funga mdomo.

(Sahihi)
Dereva