Daftari la Zamu la Sista Bernadeta

Sista Bernadeta anaondoka Alhamisi hii, na ratiba ya Julai bado haijabandikwa!

Haya, hamjambo watumishi wenzangu? Wakubwa, shikamooni. Mnisamehe kwa kuanza hivyo, lakini nyumba ikishika moto huanzi kuuliza watu wameamkaje.

Sista Bernadeta Wilfred anastaafu tarehe 30 Juni 1994, baada ya kuitumikia hospitali yetu miaka thelathini na mitatu. Alizaliwa Mgeta, huko juu kwenye kabichi na fyulisi, akasomeshwa uuguzi na misheni, akashuka mjini akiwa msichana mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Wembamba umekwisha, ila mwendo ni ule ule. Miaka kumi na minane ya mwisho ameongoza mapokezi ya dharura, wanakoletwa majeruhi wa barabara ya Iringa, wakata miwa waliojikata wenyewe, na watoto waliokunywa mafuta ya taa wakidhani ni maji.

Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika, Martina wa chumba cha nguo, kwa kuwa nimekaa naye kuliko wote. Darasa langu ni la nne. Lakini shuka za hospitali hii nazijua moja moja, iliyochanika na iliyoibwa, na tena mimi ndiye mama yake Daktari Hosiana. Ndiyo, huyo huyo mnayemwona dharura, mrefu, mwenye sauti ya upole. Nimemzaa mimi. Amebakiza wiki sita amalize mwaka wake wa mafunzo, na nitamtaja tena hapa chini, mnivumilie.

Sifa ya kwanza ya Sista ni daftari lake la zamu. Ni daftari la shule, la mistari, limefungwa kwa bendeji. Kila mwisho wa mwezi alipita kwa kila mtu akiuliza, "Siku yako isiyoguswa ni ipi?" Kila mtumishi alikuwa na siku moja katika mwezi ambayo hata bosi asingeigusa. Mwenye arobaini ya baba yake, mwenye kipaimara cha mtoto, mwenye kesi ya shamba, wote waliandikwa. Siku nyingine zote zilikuwa mali ya Sista. Hata madaktari wa mafunzo walimpelekea zamu zao azipange, kwa sababu wakizipanga wenyewe walinuniana wiki nzima.

Sifa ya pili ni makabidhiano. Yeye husema zamu haiachwi mezani. Funguo, taarifa, jina la kila mgonjwa, vyote vinatoka mkono huu vinaingia mkono ule, nyote wawili mkiwa mmesimama mbele ya kitanda. Anayekupokea akichelewa, wewe huondoki. Mwaka mmoja mvua ilikata njia, wa kumpokea hakufika, naye akakaa zamu tano mfululizo. Mume wake, Mzee Kasiani, alikuja kumtafuta akidhani ameolewa na mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hamlijui. Nimemwuliza Hosiana kama niliandike. Akasema, "Andika, mama, na jina langu usilifiche."

Mwezi wa pili mwaka huu nilitaka twende naye Same, kwa ukoo. Nitasema ukweli: nilitaka nimwonyeshe. Nilitaka aingie kwa shangazi zake waliosema mtoto wa kike asisomeshwe mbali, wamwone na koti lake la udaktari. Siku isiyoguswa ni moja, mimi nilitaka nne. Nikamwambia, "Badilishana na wenzako, si watu wazima nyie?" Akabadilishana kimya kimya, Sista asijue. Ili apate siku nne za pamoja ilibidi arundike zamu zote upande mmoja, asubuhi, mchana na usiku, siku tatu.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, alisimama kitanda namba tatu na sindano mkononi. Kitandani alilala mtoto wa Mzumbe. Sindano ilikuwa ya mzee wa kitanda namba mbili.

Sista Bernadeta alimshika kifundo cha mkono. Hakupiga kelele. Alimwuliza tu, "Daktari, huyu anaitwa nani?" Mwanangu akatazama kadi, akaisoma, akaisoma tena, akaiweka sindano kwenye sinia. Mtoto alirudi kwao mzima. Sindano haikumfikia, namshukuru Mungu kila nikunjapo shuka.

Halafu nikasikia mlango wa chumba cha nguo ukigongwa, na sauti ya Sista. "Mama Hosiana, fungua, nimekuletea mgonjwa wa kulala." Akamlaza daktari wangu juu ya mafurushi ya shuka safi, akamvua viatu mwenyewe. Nikaanza kujieleza habari za Same. Akaniambia, "Umezaa daktari, Martina. Sasa mwache alale." Nilikaa kwenye kigoda mpaka jioni nikimsikiliza anavyopumua, kama alipokuwa na surua.

Mwezi uliofuata ratiba ilibadilika. Tulizoea A ya asubuhi, M ya mchana, U ya usiku, P ya pumziko. Pakaongezeka L, yaani Lala. Aliyemaliza usiku wa tatu haendi kwake. Anaingia chumba cha nguo, analala mpaka saa nane, na ufunguo unakaa kwenye kibwebwe changu. Maana tangu kila kitu kiwe ruksa, hata watumishi kufanya biashara, nani anayepumzika siku ya pumziko? Mwenye mitumba anakimbilia Mwembesongo, mwenye vitumbua anawasha jiko, mwenye bustani anapanda mlima.

Muuguzi wetu Alois aliruka dirishani siku ya kwanza, akaenda kumwagilia kabichi zake. Yunusi, dereva wa gari la wagonjwa, alimkuta njiani akisinzia huku anatembea, ndoo kichwani. Akampakia, akaja naye king'ora kinalia mpaka mlangoni. Tukatoka mbio na machela. Yunusi akasema, "Taratibu jamani, huyu anaumwa kabichi." Tangu hapo Alois analala bila kulazimishwa, tena anakoroma.

Na tangu hapo, ndugu zangu, sijasikia tena mtu aliyesinzia wima mbele ya mgonjwa.

Ndiyo maana nina wasiwasi. Sista amewaomba watatu walipokee daftari. Wa kwanza anahamia zahanati ya binafsi Dar es Salaam. Wa pili amesema ana presha. Wa tatu ni Alois, naye amejibu, "Sista, mimi napanga kabichi tu, hizo ukizipanga zinakaa." Na tumeambiwa kwamba wakati mtu anatafutwa, kila mmoja ajipangie na wenzake. Ajipangie! Mimi najua kujipangia kunafika wapi. Kunafika kitanda namba tatu. Ufunguo ninao, lakini bila daftari sijui nimfungie nani. Na mwanangu bado ana wiki sita, na wa wenzangu wanaokuja baada yake wana mwaka mzima.

Nilimwuliza Sista atafanyaje. Akasema, "Nitakaa mpaka mkono utokee." Wala hatanii, mnamjua. Magoti yake yamevimba, Mzee Kasiani ameshapaka nyumba chokaa huko Mgeta, na yeye yuko tayari kukwama hapa kwa sheria yake mwenyewe. Hapana. Mtu aliyewalaza wengine miaka yote hii naye ana haki ya kwenda kulala kwake.

Sista Bernadeta, asante kwa watoto wa watu, na asante kwa wa kwangu. Ule mkono uliomshika mwanangu ndio uliomfanya daktari, mimi nilimzaa tu. Tunakutakia magoti mepesi, fyulisi za kutosha, na ratiba yenye P tupu hadi mwisho wa karatasi.

Siku yake ya mwisho amejipangia zamu ya asubuhi, kama kawaida yake, kwa hiyo sherehe inaanza anapotoka zamu. Wa mchana watakuja kwa mafungu, vitanda visibaki peke yavyo. Njooni na kanga, njooni na masufuria, njooni na vigelegele. Lakini mmoja wenu, tafadhali, aje mikono mitupu, kwa kuwa Sista atasimama pale mbele na daftari lake, na hataliweka mezani.

Ni Alhamisi, tarehe 30 Juni, saa nane kamili mchana, kantini. Sote.