Mama Mtaro Anapita Njia ya Chini

Ndugu, majirani wa Mtaa wa Chini, wateja wa cherehani yake, na waheshimiwa wa halmashauri mliokaa viti vya mbele: poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Marehemu alikataza kupambwa. Alisema akisifiwa sana watu watadhani wamekosea msiba. Kwa hiyo haya ni maisha yake kama alivyoyaishi, na waliomjua watasema kama yamezidishwa chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954, katika nyumba hii hii tuliyokaa mbele yake, akiwa mtoto wa nne wa fundi viatu na muuza mkaa. Ilikuwa masika. Maji yalikuwa yameingia hadi uvunguni mwa kitanda, na mkunga alifanya kazi yake akiwa amepanda juu ya kigoda. Marehemu alipenda kusema kwamba malalamiko yake ya kwanza kuhusu maji ya mtaa huu aliyatoa siku hiyo kwa sauti kubwa, na hakujibiwa.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mtaani kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Mkaguzi wa shule alipokuja kutembelea, aliwauliza wanafunzi kama kuna mwenye swali, na wote walinyamaza kama walivyofundishwa. Marehemu akanyoosha mkono, akauliza choo cha wasichana kitawekwa mlango lini. Mlango uliwekwa wiki hiyo hiyo, na yeye alichapwa viboko wiki hiyo hiyo. Alisema elimu yake yote aliipata wiki ile.

Baada ya shule, shangazi yake alimfundisha kushona, na tangu mwaka 1971 alishona sare za wanafunzi kwenye chumba cha mbele. Wengi mliokaa hapa mmevaa suruali na sketi zake. Mheshimiwa Meya naye alizivaa. Marehemu alimkumbuka kama mtoto mwenye adabu, ila hakutulia akipimwa.

Tarehe 17 Julai 1976 aliolewa na dereva wa gari la taka la halmashauri, babu yetu, yule pale mwenye kofia mkononi. Wakati ule gari la taka lilipita Mtaa wa Chini mara moja kwa wiki, likikumbuka. Babu alipoanza kumpenda, likawa linapita karibu kila siku. Msimamizi wake alimuuliza kwa nini amebadili njia, naye akajibu kuwa mtaa ule una taka nyingi sana. Wazee wanasema mtaa haujawahi kung'aa kama kipindi kile cha uchumba. Harusi ilipopita, gari lilirudia ratiba yake, na bibi harusi akawa mtu wa kwanza kwenda ofisini kulalamika. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1998, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mafuriko yaliingia chumba cha cherehani na kuzibeba sare zote. Zilionekana zikielea hadi sokoni, mikono imetanuka, kama watoto wanaoogelea. Marehemu alikwenda halmashauri. Karani alimweleza kwa upole kwamba malalamiko ya kata hupitia kwa diwani. Akauliza diwani yuko wapi. Akaambiwa amehamia kule mlimani, kwa sababu ya mafuriko. Uchaguzi uliofuata, mwaka 2000, marehemu aligombea, akashinda, na alikuwa diwani wetu hadi mwisho wa maisha yake.

Hoja yake ya kwanza, kikao cha kwanza, ilikuwa mtaro wa Mtaa wa Chini. Baraza liliipokea kwa makofi na kuipeleka kamati ya ujenzi. Marehemu akaomba kuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, ili mtaro ukifika aupokee mwenyewe. Alipoingia, akaambiwa umeshapelekwa kamati ya fedha. Akahamia fedha. Huko akakuta umepelekwa mazingira, kwa kuwa maji machafu ni mambo ya mazingira. Akahamia mazingira. Kamati ya mazingira ikatafakari, ikaona kwamba kuchimba ni ujenzi.

Miaka ikapita hivyo, naye hakuacha. Baraza likijadili jambo lolote, marehemu alisimama na mtaro wake. Siku moja Meya wa wakati ule alichoka, akamkumbusha kuwa wanajadili taa za soko.

"Na mimi najadili hizo hizo, Mheshimiwa Meya," marehemu alisema. "Zikiwaka, mtauona mtaro vizuri."

Meya yule ndiye aliyempa jina la Mama Mtaro, akidhani anamkomoa. Uchaguzi uliofuata jina hilo lilimfanyia kampeni bure.

Mwaka 2022 mtaro ulikubaliwa. Idara moja ilipewa kazi ya kuchimba, nyingine kufyatua vifuniko vya zege. Vifuniko vilikuja kwanza. Vikaegemezwa kwenye kuta za nyumba, watu wakavikalia, na jirani yetu fundi redio akakifanya kimoja meza. Wachimbaji walipofika mwaka uliofuata, marehemu alikwenda kusimama ukingoni, akatazama, akamwita mhandisi. Alimwambia huo si mtaro, huo ni wa kupitishia chai. Mhandisi alibisha mpaka akachoka, halafu akaupanua. Mtaa mzima ulishangilia, na hakuna aliyekumbuka vifuniko, wala marehemu mwenyewe.

Siku ya kufunika, kifuniko cha kwanza kilidumbukia. Mafundi wakaona labda kimewekwa vibaya, wakajaribu cha pili. Nacho kikadumbukia. Marehemu aliinama kuviangalia, kisha akasema, "Hapa nimejichongea mwenyewe." Siku hiyo hakumlaumu mhandisi. Alianza kesho yake.

Basi mtaro ukabaki wazi, mpana na mrefu kwenda chini, na watoto wa shule wanauruka kila asubuhi. Jambo hilo lilimnyima raha. Kila siku aliiacha cherehani, akasimama pale penye ubao wa kuvukia, akawashika mkono mmoja mmoja hadi ng'ambo, huku akikagua vifungo vya sare zao. Mwaka jana wakati wa mvua, akimvusha mtoto wa chekechea, aliteleza. Mtoto alimsukumia ng'ambo akiwa mzima. Yeye akaingia ndani, akavunjika kifundo cha mguu. Kwenye kamati ilielezwa kwamba tukio hilo limethibitisha kuwa mtaro una kina cha kutosha.

Mguu haukupona vizuri, kisha presha ikapanda, moyo ukachoka. Alilazwa mwezi Februari. Mheshimiwa Meya alikwenda kumwona, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwahidi kwamba vifuniko vipya vitawekwa kabla ya mvua.

"Mvua zipi, mwanangu?" marehemu aliuliza. "Maana hizi zinakuja na wewe bado umekaa."

Meya akainuka.

Siku zile za mwisho aliwaambia mume wake na binti yake mkubwa kwamba asipitishwe kwenye lami. Apitishwe njia ya chini, avushwe mtaro, na jeneza walibebe waheshimiwa wenyewe.

Binti yake akasema, "Mama, wale hawajazoea kubeba kitu. Watakudondosha humo."

"Basi siku hiyo wataufunika."

Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono.

Habari za wosia huo zilifika halmashauri Jumapili. Jumatatu gari lilikuja na vifuniko vipya, vya upana sawasawa, na mafundi wakaviweka vizuri sana. Tunashukuru, na tunasema hivyo kwa moyo. Viliwekwa pale tu jeneza lilipotarajiwa kuvukia. Kulia na kushoto mtaro uko wazi kama ulivyokuwa.

Babu alikwenda kuviangalia, akavikanyaga, akarudi nyumbani. Jioni aliita familia, akasema, "Hatuuvuki tena. Tunaufuata."

Aliwahi kubadili njia kwa ajili yake alipokuwa kijana, na leo anabadili tena. Kwa hiyo msafara utaanzia hapa nyumbani, utashika ukingo wa mtaro tangu unapoanza hadi unapoishia karibu na makaburi, na waheshimiwa watabeba, kama alivyoomba. Watoto wa shule watatembea ng'ambo ya pili. Ukingo ni mwembamba na wingu lile mmeliona. Tunaomba mwende polepole, na kila mmoja aangalie chini.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu, cherehani ambayo bado inafanya kazi, na mtaro.

Apumzike kwa amani. Mungu amlaze mahali pema, na pakavu.