Refa Aliyeona Rungu

Mchezo wa besiboli naujua kama kiganja changu. Nimeutazama mara mbili, na mara ya kwanza nilisinzia. Kwa hiyo jana kwenye basi, bwana mmoja kiti cha mbele alipomwambia mama aliyekaa naye kuwa yeye ni refa wa besiboli ya watoto, nikasogeza sikio.

"Napeleka ripoti kwa kamati, dada. Kuna binti, mpigaji, alimzuia mdakaji, yule anayedaka mpira nyuma yake, pale kituo cha nyumbani. Mwenzake alikuwa anakuja mbio kituoni hapo kufunga pointi, nikamtoa huyo mwenzake. Kwa kosa hilo, fainali ya kesho timu yao haichezi."

"Alimzuiaje, kaka?" Yule mama alikuwa mpole kama maji mtungini. Mimi wapole wa namna hiyo huwaogopa.

"Mpira ukirudishwa nyumbani, mpigaji apishe. Yeye kasimama kama mlingoti!"

"Labda alikosa pa kupishia. Mtoto wa miaka kumi, na mambo yenyewe kufumba na kufumbua."

Refa akaona anashindwa, akaongeza chumvi. "Dada, alimpiga mdakaji mkono kwa rungu lake la kupigia mpira! Nimeliona kwa macho haya mawili, na nimeandika humu," akaigonga bahasha aliyoipakata.

"Rungu la bluu?"

"Hilo hilo!"

"Basi ajabu. Lilimponyoka alipokosa mpira, likaruka uzio. Huyo mwenzake anaanza kukimbia, rungu ninalo mimi mkononi. Mimi ndiye mama wa huyo mpigaji."

Refa akaitazama bahasha kana kwamba imemng'ata. Basi likasimama mbele ya ofisi ya kamati, na wote wawili walikuwa wanashukia hapo.