Zipu ya Bi Harusi

Ndani ya basi, bibi mmoja alitega sikio kwa wanawake wawili wasiojuana waliokaa mbele yake.

"Filamu imekiharibu kitabu," alisema mmoja wao, mwalimu, bahasha mkononi. "Mapenzi ya enzi za magari ya farasi, bi harusi anageuka, zipu hiyo mgongoni, na zipu hazijabuniwa bado! Humu nimeliandikia gazeti: mshonaji asipewe kazi tena."

"Mshonaji ni mimi, dada. Na leo nimeitwa kushonea filamu ya pili."

Bibi akasahau kituo chake.

"Kwani vifungo vilikushinda?" mwalimu akauliza.

"Vifungo thelathini na viwili, na nilipewa dakika mbili tu za kumvalisha mwigizaji! Ungeweza wewe?"

Basi likasimama mbele ya ofisi ya gazeti. Mwalimu akashuka, akaitazama bahasha, akamtazama mshonaji dirishani. Bibi akanyoosha shingo aone kama ataipeleka, lakini dereva hakuwa na habari na barua, akaondoa gari.