Kuni za Kurudi Nazo

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko, mwenye ukumbi huu, Ndugu Afisa Mtendaji, Mzee Lenard Mligo, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, pamoja na wajumbe wako, Mwalimu Dafroza, ambaye leo tumekuja kukuaga, walezi wenzetu mliotoka Makambako alfajiri na baridi yote hii, wazazi wangu, na ninyi wasichana wa Kikundi cha Tuinuke, mliokaa kwenye mkeka kwa sababu viti vimeishia kwa wakubwa: Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Na kwa wale ambao bila salamu ya nyumbani hawasikii hotuba, kamwene.

Mimi ni Juliana Mtewele. Wengi wenu mnanijua tangu nikipita hapa nje na kamasi puani. Nimekulia ndani ya kikundi hiki, na miaka hii ya karibuni nimekuwa msaidizi wa Mwalimu Dafroza. Siku za kazi nauza duka la pembejeo kule Makambako, Ijumaa jioni napanda gari kuja nyumbani, ili Jumamosi asubuhi niwe na wasichana. Ratiba inasema nitoe neno la shukrani kwa niaba yao, na mshereheshaji ameninong'oneza nisiwe mrefu. Nitajitahidi, ila mdomo wangu mnaujua.

Baada ya chakula, kamati itasoma pendekezo lake. Nalijua, kwa sababu hapa Yakobi siri ikitoka kikaoni hufika sokoni kabla ya wajumbe. Pendekezo ni kwamba kikundi kiendelee humu ukumbini tu, kwa kushona, kufuma na kwaya, na kwamba matembezi ya milimani na michezo ya nje yakome kabisa. Mlezi wa kikundi hicho cha ndani, nimedokezwa, niwe mimi. Nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini kabla sijasema ndiyo au hapana, niruhusuni niseme tunamuaga nani, na kwa nini anaondoka wakati bado ana nguvu za kupanda mlima kunishinda mimi.

Mwalimu Dafroza alipoanzisha Tuinuke, alikuta wasichana wanaojua njia ya shule, njia ya kisimani na njia ya shambani, basi. Mlima ule mnaouona nyuma ya kanisa walikuwa wanauona kila siku kama picha ya kalenda. Yeye akasema watoto hawa watembee, wacheze, wapumue. Watu wanadhani matembezi ni kuamka na kwenda. Sivyo. Katikati ya wiki, baada ya vipindi, alikuwa anaipita njia yote peke yake kwanza, na buti zake za mvua, akichungulia kila kijito kimejaa kiasi gani na wapi wachana mbao wameangusha miti. Jumamosi, kabla ya kuondoka, anamuuliza kila msichana amekula nini. Ukisema chai kavu, unapewa kiazi, unakula mbele yake. Mwenye miguu mizito anatangulia mbele, sisi wenye mbio tunakaa nyuma yake tukinung'unika. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akanijibu kwamba anayejua kukimbia hahitaji mlezi.

Na michezo je? Wageni wetu wa Makambako, mnakumbuka siku mliyotualika tucheze rede. Tulikuja na kiburi chetu cha mlimani. Hatukujua kwamba upepo wenu ni mchezaji. Kila tukirusha mpira, unachepuka unaelekea relini. Kumbe wenzetu hawamlengi mtu, wanalenga pembeni, halafu upepo unamletea mpira mgongoni. Tulipigwa bila huruma. Mwalimu Dafroza alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, na aliyecheka naye, akiwa amemwegemea begani, ni Asteria.

Nimelitaja jina hilo kwa makusudi.

Jana nilikwenda kwa Mama Prisila, mama yake Asteria, ambaye yuko humu ndani pamoja nasi. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja mwanawe mbele ya watu. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Sema, ila usinitazame wakati unasema." Kwa hiyo, wazazi wangu, mkiniona naangalia dirishani, si dharau.

Sasa nirudi mwanzoni kabisa. Mwalimu alipokuja kwa wazazi kuomba watoto, aliulizwa swali moja tu. Wanapanda mlima kufanya nini? Akasema, kutembea na kucheza. Wanapanda, halafu wanashuka? Ndiyo. Mikono mitupu? Hapo ndipo kikao kilipochafuka. Kwa sababu kwetu, na mnisamehe kwa kusema tunayoyajua wote, msichana akionekana njiani hana kitu kichwani wala mkononi, anaulizwa anatoka wapi na kwa nani. Akiwa na mzigo haulizwi. Mzigo ndio cheti chake cha kupita. Lakini ni nani humu aliyewahi kumsimamisha mvulana anayetoka uwanjani, jasho linamtiririka, akamuuliza kuni ziko wapi?

Mzee Lenard akainuka. Mzee wangu, leo nakusifu, kwa kuwa ulisema kwa sauti walichokuwa wanakifikiri wenzako kimyakimya. Ulisema waende, lakini warudi na kuni. Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima, akina mama na akina baba. Mwalimu Dafroza angefanya nini? Angekataa, angebaki na mlima wake peke yake. Akakubali. Tangu siku ile matembezi yetu yakawa na kamba ya kufungia kuni. Kwenda tunacheza, kurudi tumejitwika. Na karibu kila nyumba ikaweka sheria yake juu ya ile ya kikao: ukirudi mtupu, Jumamosi ijayo unabaki nyumbani.

Nasi tulizoea. Binadamu anazoea. Tulikuwa tunasema ni bei ya kicheko, na tunailipa.

Asteria alikuwa mzaliwa wa kwanza. Wenye wazaliwa wa kwanza wa kike mnajua maana yake. Jumatatu hadi Ijumaa ni shule na wadogo zake, Jumapili ni kanisa na kufua. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyokuwa mtoto. Kwenye rede hakuna aliyemgusa, kwenye kombolela alijificha mpaka tukamkatia tamaa na kuanza kula. Alikuwa anaanza kuiulizia Jumamosi tangu Jumatatu.

Ile siku ya mwezi wa saba mnaijua kwa masimulizi, na masimulizi yake yamepinda, kwa hiyo nisikilizeni mimi niliyekuwepo. Tulicheza, tulikula viazi, tukaokota kuni, kila mtu akafunga mzigo wake. Ukungu ukashuka mapema, na manyunyu yale ya baridi yanayoingia mpaka mifupani. Tulipofika kwenye kijito, lile gogo la mti wa mlingoti tunalovukia lilikuwa limelowa. Mwalimu akafunga kamba kutoka mti wa huku hadi mti wa kule, akaamuru kila mtu ashushe mzigo, avuke mtupu, mikono miwili kwenye kamba. Mimi nilitangulia ng'ambo nikawa nawapokea. Kuni zikabaki upande tuliotoka, zimepangwa vizuri.

Asteria alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Nilimsikia. Hakusema kwa ubishi, alisema kama mtu anayeeleza tatizo kwa anayeweza kulitatua. Alisema, "Mwalimu, nikirudi mikono mitupu, Jumamosi ijayo siji."

Mwalimu akamwambia ashushe, kesho yake angeupeleka mwenyewe ule mzigo hadi kwa mama yake. Asteria akashusha. Hilo halisemwi kwenye masimulizi yenu, lakini mtoto alitii, akashusha. Kisha Jane, yule mdogo, akaingiwa na hofu katikati ya gogo, akaganda, akaanza kulia. Mwalimu akaingia kumchukua. Alipomfikisha kwangu na kugeuka, Asteria alikuwa tayari yuko juu ya gogo, na kuni kichwani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika mzigo. Kamba ilikuwa pale, usawa wa kifua chake, na hakuwa na mkono wa kuishika.

Mengine mnayajua. Alifariki kesho yake hospitalini, mama yake amemshika miguu.

Wazazi wangu, naomba nikiri kwamba mnajua kuzika. Hakuna aliyebaki nyumbani. Kila mama alikuja na chakula, na kila mama alikuja na mzigo wa kuni za msibani, kama desturi yetu inavyotaka. Na ule mzigo wa Asteria, kuna mtu mwema aliyeshuka kijitoni akaukusanya, akauleta pamoja na mingine. Niliitambua kamba. Kuni zile zilichemsha chai tuliyokunywa sote, na Mungu anisamehe, hata mimi nilikunywa, kwa sababu kulikuwa na baridi.

Baada ya pale, mizigo yote ikahamia kwa Mwalimu Dafroza. Aliitwa huku, akaitwa kule. Aliulizwa kwa nini alipeleka watoto mlimani, kwa nini mwezi wa baridi, kwa nini kijito kile. Sokoni akisalimia, anaitikiwa kwa kidevu. Kila alipoulizwa alitoa jibu moja, kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkubwa pale. Hata siku moja hakutaja kuni. Nilimkasirikia. Nilikwenda kwake nikamwambia, sema, Mwalimu, sema ni sharti la nani. Akaniambia, "Wakisikia ni kuni, watamgeukia Mama Prisila. Na mama huyo ameshafiwa."

Mwalimu, nakuona unatikisa kichwa. Tikisa tu. Wewe ulinifundisha kwamba anayejua njia ndiye anayesema, na leo ndiye mimi. Keshokutwa unahamia Tandala kwa dada yako, umeomba kustaafu kabla ya muda wako, na sitakubali uondoke na mzigo ambao ulifungwa na mikono ya ukumbi huu mzima. Simlaumu Mama Prisila. Kwake kulikuwa na sheria ile ile iliyokuwa kwetu sote. Kama lile gogo lingemtupa mtoto mwingine, leo tungekuwa tunamtazama mama mwingine.

Ndiyo maana pendekezo la kamati limeniumiza. Mheshimiwa Diwani, wamekuambia mlima ni hatari. Mlima upo tangu babu zetu, na wala haukumwita mtu. Tukifunga matembezi tutakuwa tumeuadhibu mlima, na kuni tumeziacha huru. Wasichana hawa wataacha kucheza, lakini je, wataacha kuvuka gogo lile? Jumatatu baada ya mazishi, Jumatatu hiyo hiyo, nilikuta watoto wawili wa kikundi hiki wakivuka pale pale na mizigo kichwani. Hawakuwa matembezini. Walikuwa wametumwa na nyumbani, hapakuwa na kamba, hapakuwa na Mwalimu, na hapakuwa na kikao kilichoitishwa.

Nimefikiri sana kuhusu kuwa mlezi. Naogopa. Silali vizuri, na nikifumba macho naona mikono ile. Mtu akiniambia nikabidhiwe wasichana washone vitambaa humu ndani, mlango umefungwa, mwili wangu unataka kusema ndiyo haraka. Lakini nitakuwa nawadanganya. Vitambaa wanaweza kushona kwa mama zao. Kikundi hiki kilianzishwa ili msichana awe na siku moja ya kwenda mahali bila kutumwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, Mzee Lenard, na nalitoa kwa heshima zote. Kikundi cha ndani sikitaki, mtafuteni mwingine. Nikabidhini kikundi cha nje, kisicho na kuni. Njia nitaikagua kabla, kamba nitafunga, mwezi wa saba tutacheza hapa hapa uwanjani. Hayo yote niliyafundishwa. Kuhusu kunyoosha mikono baada ya chakula, nawaomba msihangaike. Ukumbi huu ulishanyoosha mikono siku moja, na tumeona.

Jumamosi hii asubuhi nitakuwa pale getini pa kanisa, mpaka umande ukauke. Binti atakayekuja na kamba ya kuni nitampa kiazi, ale, kisha nitamsindikiza kwao, nitamrudisha kwa mikono yangu. Atakayekuja hana kitu kichwani wala mkononi, nitajua kwao mmenijibu. Na asipokuja hata mmoja, hilo nalo ni jibu, nitalipokea, nitafunga geti na kurudi Makambako.

Mwalimu Dafroza, kwa niaba ya wote waliokaa kwenye mkeka ule, ahsante kwa kila Jumamosi. Na ninyi wakubwa zangu, nawashukuru kwa kunivumilia mpaka hapa. Sihitaji makofi. Wasichana wako mbele yenu. Watazameni mikono.